Pyuta: ile Oscar ya Lupita ndani yake mna nini, na kwa nini unaweza kuyeyusha kitu hicho hicho kwa jiko lako la gesi

Machi 2014 Lupita Nyong'o alipopanda jukwaani kuchukua Oscar ya muigizaji msaidizi bora, huku kwetu watu wengine walikesha mbele ya TV, na kulipokucha mjadala ulikuwa mmoja tu, ile sanamu ina dhahabu kiasi gani na ukiipeleka kwa sonara atakupa ngapi. Basi jibu ni kwamba dhahabu iko juu juu, utando mwembamba wa karati 24. Ndani kote, hizo karibu kilo 4 unazoziona zikimchosha mtu mkono huku anamshukuru mama yake, ni pyuta, metali ya kuchanganya.

Sio utani. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi 2015 sanamu za Oscar zilikuwa zinatoka Chicago, kwa kampuni inaitwa R.S. Owens, na kazi yenyewe ilikuwa hivi: wanayeyusha pyuta ya aina inayoitwa Britannia (nitaieleza chini), wanamimina kwenye moldi, wanang'arisha hadi inakuwa kioo, halafu inapitishwa kwenye umeme ipate tabaka la shaba, tena la nikeli, tena la fedha, mwisho ndo dhahabu. Mwaka 2016 kazi ikaenda kwa Polich Tallix kule New York na wakarudi kwenye bronzi, manake zile za kwanza kabisa za 1929 zilikuwa bronzi. Kwa hivyo ya Lupita ni ya enzi ya pyuta, na mimi binafsi naona ile ya pyuta ndo tamu zaidi, lakini mimi ni mtu wa pyuta, usiniamini sana kwa hili.

Nimekuwa nikimimina pyuta hapa Mombasa muda sasa, vitu vidogo vidogo, bizimu za mishipi, vidani, vishikio vya droo, sahani za kuweka hereni. Na kitu kimoja kinanikera ni watu kusikia tu inayeyuka kwa jiko la nyumbani basi wanaiona madini ya kuigiza, fedha ya uongo. Hapana bwana. Huo moto mdogo ndo utajiri wake wote, na mambo karibu yote mazuri na mabaya ya pyuta yanaanzia hapo.

Tuanze na kilichomo. Pyuta ni bati kwa sehemu kubwa, na nikisema bati namaanisha madini yenyewe, sio mabati ya kuezekea ambayo ni chuma kilichopakwa zinki. Bati tupu linayeyuka kwa nyuzi 232, ambazo ukilinganisha na fedha 962 au shaba 1085 ni mchezo wa watoto. Sasa bati peke yake ni laini mno, unalikunja kwa vidole na ukilikunja lenye unene kidogo linatoa sauti, mkwaruzo fulani kama linalia, ni chembe za ndani zinasukumana. Lakini ukitengeneza bizimu ya mshipi kwa bati tupu, wiki mbili imeshapinda. Ndo inabidi liongezwe kitu. Mchanganyiko unaotumika sana siku hizi ni bati asilimia 92, antimoni 6, shaba 2, wengine wanasogeza kidogo huku na huko, wengine wanaenda hadi bati 97. Antimoni inaleta ugumu na pia inapunguza ile tabia ya chuma kunywea kinapoganda, ndo maana nywele za simba kwenye pambo zinatoka nywele na sio bonge. Shaba nayo inafanya kitu kisiwe cha kukatika ovyo, kiweze kugongwa na kupindwa bila kupasuka.

Faida nyingine ambayo sisi wa joto hatuihitaji lakini nitaitaja kwa sababu ni ya ajabu: bati tupu likikaa kwenye baridi, chini ya nyuzi 13 hivi, kwa muda mrefu linaweza kubadilika umbo la ndani likawa unga wa kijivu, kitu kizima kinaoza mbele yako. Ukitia antimoni hilo haliko tena. Mombasa hata usiku wa Julai hatufiki huko, ila kama una shangazi Norway na unampelekea zawadi, basi umtulize moyo.

Huo mchanganyiko wa bila risasi (ile metali nzito yenye sumu, sio ya bunduki) haukuanza jana. Sheffield, Uingereza, karibu na mwaka 1770, kuna bwana anaitwa James Vickers alianza kuuza kile walichokuja kuita metali ya Britannia, na watu walikipenda kwa sababu kilikuwa kigumu, cheupe, kinang'aa karibu na fedha na unaweza kukipitisha kwenye roli kiwe shiti nyembamba. Kabla ya hapo, na hata baadaye kwa mafundi wa bei rahisi, kilichokuwa kinaongezwa kwenye bati ni risasi. Na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndo pahali watu wa hapa kwetu wanaweza kuumia.

Risasi ni rahisi, inashusha kiwango cha kuyeyuka hata chini zaidi ya bati lenyewe, inamiminika vizuri sana, inajaza kila kona ya moldi. Fundi yeyote mwenye tamaa ataipenda. London walilijua hilo tangu zamani, mafundi wa pyuta pale walikuwa na kanuni zao zilizoandikwa mwaka 1348, zikigawa pyuta nzuri ya bati na shaba, na ile ya daraja la chini ya bati na risasi ambayo iliruhusiwa kwa vitu kama vinara vya mishumaa. Sasa utajuaje fundi hajakuibia? Mashine hakuna, kemia yenyewe bado. Walichofanya wale wakaguzi ni akili tupu: wana kimoldi kidogo cha kipimo, wanamimina bati safi wanapata kidude, wanamimina ya fundi wanayemshuku kwenye moldi ile ile wanapata kidude kingine, wanaweka kwenye mizani. Risasi ni nzito kuliko bati kwa mbali. Cha fundi kikizidi uzito, amekwisha. Baadaye mwaka 1503 bunge lao likaweka sheria kila fundi apige muhuri wake kwenye kazi yake, ili ukiletwa uozo ijulikane umetoka kwa nani.

Na hiyo mbinu wewe unaifanya nyumbani kwako leo, kwa mizani ya jikoni ya digitali, tena bila moldi. Chukua hicho kipande unachokishuku, kipime, tuseme gramu 146. Weka bilauri ya maji juu ya mizani, uirudishe sifuri, halafu funga kile kipande kwa uzi ukizamishe chote ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itasoma namba, tuseme 20. Gawanya 146 kwa 20, unapata 7.3. Hiyo ni pyuta ya bati, lala salama. Ukipata 8.5 huko, unashika kitu chenye risasi kama asilimia 40, sawa na ile waya ya lehemu ya mafundi redio ya zamani. Njia ya haraka zaidi ni kukiburuza kwenye karatasi nyeupe, chenye risasi nyingi kinaacha alama ya kijivu kama penseli, ila hiyo haikamati risasi kidogo, ya mizani ndo ya kuaminika na hata hiyo sio maabara, risasi ya asilimia moja mbili itakupita.

Nasema haya kwa sababu kila nikiongea na mtu anayetaka kuanza, swali la kwanza ni kama anaweza kuyeyusha lehemu ya kawaida, au la pili, baya zaidi, kama anaweza kutumia zile sahani za ndani ya betri ya gari kwa sababu amesikia zina antimoni. Zina antimoni kweli. Na zina risasi na asidi. Sisi wa Mombasa hatuna kisingizio cha kutojua, mtaa wa Owino Uhuru uko hapa hapa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwekwa ubavuni mwa nyumba za watu, watoto wakapimwa damu wakakutwa na risasi, mama mmoja kwa jina Phyllis Omido akalivalia njuga hadi akapewa tuzo ya Goldman ya mazingira 2015, na mahakama mwaka 2020 ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikaendelea kuzunguka kwenye rufaa miaka mingine. Risasi haikuui leo, inakaa. Inakaa kwa mtoto anayetambaa sakafuni mle ulimokuwa unapiga tupa vidani vyako. Kwa hiyo kwangu hilo halina mjadala, hata kama ni pambo la ukutani ambalo halitaguswa na mdomo wa mtu, kwa sababu la ukutani fundi wake kalishika, kalipiga msasa, kavuta vumbi lake.

Haya, sasa bila betri na bila lehemu ya risasi tunapata wapi? Habari njema ni kwamba viwanda vya vifaa vya umeme duniani vimehamia lehemu isiyo na risasi, na hiyo lehemu ukiitazama vizuri ni pyuta iliyovaa nguo nyingine. Kuna ya bati 99.3 na shaba 0.7. Kuna ya mafundi bomba, bati 95 na antimoni 5, hiyo ukiiongezea shaba kidogo umefika. Inauzwa kwa miche. Kuhusu kuongeza shaba watu huniuliza shaba itayeyukaje kwa nyuzi 400 wakati yenyewe inataka 1085, jibu ni kwamba haiyeyuki, inamumunyika, bati la moto linaila polepole, waulize mafundi simu vile ncha zao za kulehemu za shaba zinavyolika wakitumia hii lehemu mpya. Unachukua waya mwembamba kabisa, unaukwangua uwe safi, unauzamisha na unasubiri. Ukitia kipande kinene utasubiri hadi Ramadhani ijayo.

Jiko ni lolote. Mimi natumia ya gesi ya plate mbili, na upawa wa chuma, sio wa alumini, alumini na zinki zikiingia kwenye pyuta hata kidogo zinaiharibu, inakuwa nzito kumiminika na juu inaota ngozi. Na huo upawa haurudi tena kwenye mchuzi, iandikwe hivyo ukutani. Mchanganyiko wa 92-6-2 unaanza kulegea kwenye nyuzi 244 hivi, unakuwa maji kamili karibu na 295, kwa hivyo kumimina ni kati ya 300 na 350. Termomita ni nzuri ukiwa nayo, ukikosa chovya kijiti kikavu cha mbao laini, kikigeuka rangi ya kahawia taratibu uko sawa, kikitoa moshi na kuwa cheusi papo hapo umezidisha, punguza. Ukizidisha moto unapata uchafu mwingi juu na sura ya kitu inatoka na vishimo.

Maji, jamani. Tone moja la maji chini ya chuma cha nyuzi 300 linageuka mvuke kwa mpigo na upawa mzima unakurukia usoni. Moldi iwe kavu, miche unayoongeza iwe kavu, mwiko uwe mkavu, miwani machoni, viatu vya kufunika, suruali ndefu, hakuna kikoi na ndara hapa. Na dirisha wazi.

Sasa moldi, ambayo ndo sehemu ninayoipenda kupita kiasi, na ndo pahali nasema pwani yetu na Kenya kwa jumla imebarikiwa bila kujua. Kwa sababu moto ni mdogo, pyuta inakubali moldi za vitu ambavyo fedha ingeviunguza au kuvipasua kwa haraka. Viwandani wanatumia mpira uliochomwa kwa presha, moldi ya duara inazungushwa kwa kasi na chuma kinasukumwa kwenda pembeni kujaza tundu zote, ndo wanavyotoa vile visanamu vidogo vya askari wa michezo ya mezani kwa mamia. Wa nyumbani wengi wanatumia mpira wa silikoni ule wa kuvumilia joto. Ni mzuri, unachukua hadi alama ya kidole chako, lakini ni bei, na ukichukua silikoni ya kawaida inapasuka baada ya kumimina mara chache.

Mimi natumia jiwe la Kisii.

Hilo hilo la kijiji cha Tabaka kule Kisii, la vifaru na mabakuli yanayouzwa kwa watalii. Ni laini hadi unalikwangua kwa kisu, halipasuki kwa joto la pyuta likiwa kavu, na moldi moja ukiitunza inatoa kazi nyingi mno. Na wala sio uvumbuzi wangu. Karne za kati huko Ulaya, Thomas Becket alipouawa ndani ya kanisa la Canterbury mwaka 1170, mahujaji walianza kumiminika pale na kila mmoja alitaka kurudi na beji ya kubandika kwenye kofia, na mafundi walikuwa wanazimimina kwa bati na risasi kwenye moldi za mawe zilizochongwa kwa mkono, beji baada ya beji, mpaka leo zinaokotwa kwenye matope ya mto Thames. Yaani biashara ya kumbukumbu kwa wageni, ile ya ufukweni hapa kwetu, walikuwa nayo zaidi ya miaka 800 iliyopita, kwa jiwe na jiko.

Kuchonga kwake kuna akili yake. Unachonga kinyume, kilichoinuka kwenye pambo kiwe shimo kwenye jiwe, herufi ziende kulia kwenda kushoto, na kila ukuta wa shimo uwe umelala kidogo kuelekea nje, ukichonga ukuta wa wima au uliojificha ndani kitu kitaganda humo na hakitoki hadi uvunje. Chonga kwa maji maji, vumbi la jiwe hili sio la kuvuta, ndo maana hata kule Tabaka kupiga msasa kunafanyika ndani ya beseni la maji. Halafu jiwe lenyewe likae juani siku kadhaa, tena kando ya moto mdogo, kabla hujafikiria kumimina. Kipande cha pili kikiwa bapa tu kinatosha kwa vitu vya upande mmoja kama beji na bizimu. Juu unachonga mdomo mpana wa kumiminia, ukubwa wake usiuonee haya, kwa sababu uzito wa chuma kilichoko mdomoni ndo unaosukuma kilichoko chini kiingie kwenye kona, na kutoka kwenye kila ncha ya pambo unakwaruza mfereji mwembamba kama unyoya hewa itoke. Pembe ya mbuzi isipojaa, mara tisa kati ya kumi tatizo sio chuma, ni hewa imekosa pa kwenda.

Kabla ya kumimina, koroboi. Ndio, koroboi ya mafuta ya taa, shikilia jiwe juu ya moshi wake hadi uso wa moldi uwe mweusi, ule masizi unazuia chuma kisipoe mara kinapogusa jiwe na kinateleza kuingia kila pahali. Poda ya talki pia inafanya kazi, lakini soma kopo, poda nyingi za watoto sasa hivi ni wanga wa mahindi, zinaungua tu na kunuka. Na usikate tamaa na vile vya mwanzo, jiwe likiwa baridi vinatoka nusu, vina mikunjo, unavirudisha kwenye upawa, jiwe likishapata joto lake ndo vinaanza kutoka vizima. Pyuta haipotezi kitu, kibovu cha asubuhi ndo kizuri cha mchana.

Ukitaka cha haraka zaidi, teremka ufukweni ukaokote mfupa wa dome, yule jamaa ya ngisi. Ule mweupe mwepesi unaoelea, ambao wenye ndege wanautundika kwenye kizimba. Masonara wa nchi nyingi wanautumia tangu zamani. Ukaushe vizuri, ukate katikati, sugua nyuso mbili kwenye msasa hadi zibane bila mwanga kupita, halafu chukua pete ya zamani au kitu chochote kigumu, kibane katikati ya vipande viwili ukandamize taratibu, kinazama chenyewe, toa, chonga mdomo, funga kwa waya, mimina. Kutatoka harufu ya samaki aliyeungua, majirani watauliza. Moldi inakufa baada ya mara moja, lakini kinachotoka kina mistari ya mawimbi ambayo mfupa wenyewe uliijenga ukikua, na mistari hiyo huwezi kuichonga kwa mkono hata ukipewa mwaka. Vidani vyangu vinavyoondoka haraka ni vya dome.

Kuna na ujanja wa kumwaga, kwa hereni kubwa zisivute sikio: unajaza moldi, unahesabu sekunde chache, unaipindua chuma cha katikati kilicho maji kirudi kwenye upawa, kilichogusa ukuta kimeshaganda, unapata kitu chenye tundu ndani na wepesi. Mkono unajifunza hizo sekunde wenyewe.

Kumalizia sasa. Pyuta haigeuki nyeusi kama fedha, inatulia tu na kijivu chake laini, lakini ukitaka mapambo yaonekane unaipaka kloridi ya feri, ile dawa inayokula shaba kwenye bodi za umeme, inakuwa nyeusi tii, unaosha, unasugua sehemu zilizoinuka kwa stiliwuli laini kabisa, weusi unabaki mabondeni. Malaysia kwenye viwanda vya pyuta walikuwa wanalainisha kwa jani fulani la porini lenye makali, na hilo lilinifurahisha kwa sababu hata huku wachongaji wetu wa zamani walikuwa na jani lao la msasa la kulainishia mbao. Onyo kwa wenye marafiki masonara: tupa na meza yako ya pyuta zikae mbali na za fedha. Chembe ya pyuta ikibaki kwenye pete ya fedha na pete ikapigwa moto, ile chembe inaitoboa. Mimi kuna sonara wa Old Town ambaye ananipa chai, ananipa stori, lakini nikigusa meza yake ananifukuza, na yuko sahihi.

Kuhusu sura, nina ugomvi na mapyuta mengi ya sokoni, yale madragoni na mafuvu yaliyopakwa weusi mwingi kuficha moldi mbovu. Tazama kazi za Archibald Knox, mtu wa kisiwa cha Man, alizochorea duka la Liberty la London mwanzoni mwa miaka ya 1900, zilizouzwa kwa jina la Tudric. Saa za mezani, vasi, visahani, mistari inapinda na kufungana taratibu, nafasi kubwa imeachwa tupu ili kijivu chenyewe kionekane, hapa na pale kitone cha enameli ya buluu. Hakuna anayeiga fedha pale. Sisi ambao tuna nakshi za milango ya Lamu na hina za harusi mikononi hatuna sababu ya kumimina mafuvu, yaani ua moja la mlango wa Lamu likichongwa kwenye jiwe la Kisii linatosha bizimu nzima.

Kinachoniuma zaidi lakini ni bati lenyewe linakotoka. Tunalo. Kyerwa, mkoa wa Kagera, watu wanachimba. Rwanda wanachimba Rutongo na kwengineko. Bisie, kule Walikale Kivu ya Kaskazini, kuna mwamba wenye bati la kiwango cha juu kuliko karibu migodi yote ya dunia, na kwa sababu hiyo hiyo watu wa bunduki wameizunguka miaka mingi, 2025 mgodi ukafungwa kwa muda waasi walipokaribia. Mchanga huo wa bati kwa sehemu kubwa unapanda meli kwenda kuyeyushwa Asia, Malaysia na Thailand zikiwemo. Na Malaysia ni nani huko? Ni nchi ambayo mwaka 1885 kijana wa Kichina anaitwa Yong Koon alishuka Kuala Lumpur wakati wa homa ya bati, akaanza na vyetezo na vinara vya kuabudia kwa ajili ya Wachina wenzake, na kampuni ya kizazi chake, Royal Selangor, leo inauza vikombe na mapambo ya pyuta dunia nzima, hadi kuna kikombe cha maonyesho walichotengeneza 1985 chenye urefu wa karibu mita 2 na uzito unaopita kilo 1,500. Wale walikuwa na bati chini ya miguu wakatafuta fundi. Sisi tunalo bati, jiwe tunalo, dome wanaokotwa bure, na mafundi wa kumimina sufuria za alumini tunao kila mji, halafu mche wa lehemu ninaotumia unakuja kwa ndege, bei ya kilo moja ya bati kwenye soko la dunia ikiwa mara kadhaa ya kilo ya shaba, weka na usafiri, weka na ushuru.

Kwa hivyo kama uko Kyerwa au Kigali na unamjua mtu anayeuza bati lililosafishwa kwa kilo tano kumi, sio kwa tani, mwenye karatasi ya kuonyesha limetoka mgodi gani na limechanganywa na nini, niandikie. Mizani na bilauri ya maji ninazo tayari.